Ukiombwa damu au kinyama cha utafiti: maswali ya kuuliza kabla hujasaini

Watu wengi wakiletewa fomu ya ridhaa wanauliza mawili tu, itauma? na nauli mnatoa? Ni maswali ya haki kabisa wala usione aibu kuyauliza. Ila kuna mengine ambayo mtu huwa anayakumbuka akiwa ameshafika nyumbani, na yote yanazunguka jambo moja, kile kichupa cha damu au kile kinyama walichokata kikishatoka mlangoni kinaenda wapi, kinakaa muda gani na kinafanywa nini huko. Mimi kazi yangu ni kukaa na watu nikiwasomea hizi fomu kabla hawajaingia kwenye utafiti, na nikwambie ukweli, ukurasa unaohusu sampuli kuhifadhiwa ndio watu wanauruka kuliko kurasa zote. Na ndio ukurasa mzito kuliko zote, kwa sababu seli za mtu zinaweza kufanywa ziishi bila kufa, na zikishafika hapo hamna namna ya kuzirudisha.

Twende taratibu.

Seli isiyokufa ni kitu gani

Seli ya kawaida ya mwili ukiitoa ukaiweka maabara kwenye chakula chake na joto lake itagawanyika, lakini ina kikomo. Mwaka 1961 Leonard Hayflick kule Marekani alionyesha kwamba zinagawanyika mara kama 40 mpaka 60 hivi alafu zinasimama, maana kila zikigawanyika ncha za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, zinapungua kidogo. Seli nyingi za kansa haziheshimu kikomo hicho, zina kimeng'enya kinachojenga zile ncha upya, kwa hiyo ukizilisha zinaendelea tu. Hapo ndipo unapata kinachoitwa laini ya seli. Ni kama mbegu ya maziwa mgando, unachota kidogo kwenye kibuyu hiki unaanzishia kingine, jirani anakuja kuomba naye anaanzisha cha kwake, na baada ya miaka hakuna anayejua kibuyu cha kwanza kilikuwa cha nani. Tofauti ni kwamba hapa kibuyu cha kwanza kilikuwa mwili wa mtu.

Maarufu kuliko zote ni HeLa. Henrietta Lacks alikuwa mama Mmarekani mweusi, mkulima wa tumbaku kutoka Virginia aliyehamia karibu na Baltimore, ana watoto watano. Mwanzoni mwa 1951 alienda hospitali ya Johns Hopkins akiwa anatokwa damu, wakamkuta na saratani ya shingo ya kizazi. Akasaini karatasi ya kukubali kufanyiwa matibabu. Akiwa amelazwa kwa ajili ya tiba ya mionzi wakakata vipande viwili, kimoja kwenye uvimbe na kingine kwenye nyama nzima, wakavipeleka maabara ya George Gey ambaye kwa miaka alikuwa anatafuta seli za binadamu zitakazokubali kuishi nje ya mwili. Cha nyama nzima kikafa. Cha uvimbe kikawa kinaongezeka mara mbili karibu kila baada ya saa 24. Yeye mwenyewe hakuambiwa chochote, akafariki tarehe 4 Oktoba 1951 akiwa na miaka 31.

Zile seli zikatumika kupima chanjo ya polio ya Jonas Salk, zikazalishwa kwa wingi kwenye chuo cha Tuskegee, zikasambaa dunia nzima, na baadaye kampuni zikawa zinaziuza. Familia ilikuja kujua miaka ya 1970, zaidi ya miaka 20 baadae, na walijua kwa sababu watafiti walirudi kuwatoa damu na wao, na kwa maelezo ya familia walidhani wanapimwa kama nao wana kansa. Hebu fikiria. Alafu 2013 wanasayansi huko Ujerumani wakaweka jenomu nzima ya HeLa, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake, hadharani mtandaoni bila kuwauliza wajukuu, ambao sehemu ya mambo yaliyoandikwa mle yanawahusu wao moja kwa moja. Ikaleta kelele, ikatolewa, na Agosti mwaka huohuo taasisi ya afya ya Marekani, NIH, ikakubaliana na familia kwamba anayetaka data hizo aombe kwanza na ndugu wakae kwenye kamati inayopitia maombi. Agosti 2023 familia ikamalizana na kampuni ya Thermo Fisher waliyokuwa wameishtaki, masharti hayakuwekwa wazi.

Sasa usiseme hayo ni ya Marekani

Kuna hadithi iko karibu na sisi sana na haisimuliwi. Miaka ya 1950 pale Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa anaona watoto wenye uvimbe wa taya, uvimbe unaokua kwa kasi ya kutisha. Akaandika kuhusu ugonjwa huo 1958. Anthony Epstein kule London akamsikia kwenye mhadhara 1961 akahisi kuna kirusi nyuma yake, wakapatana vipande vya uvimbe viwe vinatumwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hawakupata kitu. Mwisho wa 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ikakuta London kuna ukungu ikageuzwa kwenda Manchester, sampuli ikachelewa, ilipofika maji ya kile kichupa yalikuwa yamechafuka na mtu yeyote angesema imeoza itupwe. Epstein akaitazama kwenye hadubini kwanza, akakuta ule uchafu si bakteria, ni seli za uvimbe zenyewe zimejitenga zinaelea na ziko hai. Zikakuzwa, ikawa laini ya EB1, na ndani yake 1964 wakakiona kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya binadamu. Kirusi kina majina ya watafiti wawili wa London. Kipande kilitoka kwa mgonjwa wa Uganda.

Miaka hiyohiyo ugonjwa wa Burkitt ulitoa laini nyingine nyingi kutoka kwa wagonjwa wa Afrika. Raji ya 1963 ni ya mtoto wa miaka 11 wa Nigeria. Namalwa ilitumika kiwandani kuzalisha dawa ya interferoni. Daudi, ambayo katalogi inasema ni ya kijana wa kiume wa miaka 16, hadi leo inatumika kujaribia dawa za kansa ya damu. Ukifungua katalogi za kuuza seli unakutana na haya majina, majina ya kwetu kabisa, yana namba ya bidhaa na bei pembeni.

Na hapa ndipo nataka usome taratibu. Kile kirusi cha Epstein-Barr kinaweza kutumika kuzifanya chembe nyeupe za damu ya kawaida, ya mtu mzima asiyeumwa, zisife. Yaani si lazima uwe na kansa, kichupa kimoja cha damu kinatosha. Kuna laini za namna hiyo za Waluhya wa Webuye na Wamaasai wa Kinyawa, Kenya, zilitengenezwa kwa ajili ya miradi mikubwa ya kimataifa ya vinasaba, na zinatunzwa taasisi ya Coriell huko New Jersey. Hizo walioshiriki waliombwa ridhaa na jamii zikashirikishwa kabla, kwa hiyo ninaitaja kama mfano wa kwamba inawezekana kufanya vizuri. Lakini inakuonyesha pia kwamba damu ya mtu wa Webuye iko kwenye friji la Marekani inagawanyika ikitakiwa, na itaendelea hivyo akiwa hayupo.

Sasa unauliza nini

Kabla ya yote hakikisha unajua unachosaini ni matibabu au utafiti. Hospitali nyingi mtafiti na daktari anayekutibu wamevaa koti jeupe lilelile na wakati mwingine ni mtu mmoja. Sema tu, "Samahani daktari, hiki kipimo ni cha kunitibu mimi au ni cha utafiti? Na nikisema hapana, matibabu yangu yanaendelea kama kawaida?" Jibu la swali la pili lazima liwe ndio, bila kusitasita. Likija na kona kona usisaini siku hiyo. Huyo mama wa Baltimore alisaini karatasi ya matibabu, na karatasi hiyo haikuwa na neno lolote kuhusu seli zake kwenda maabara.

Alafu tafuta aya ya sampuli zitakazobaki. Huwa iko mbele mbele huko ukurasa wa nne au wa tano na inaandikwa kwa lugha ya kubembea, "sampuli zinaweza kuhifadhiwa kwa matumizi ya tafiti zijazo". Hilo neno "tafiti zijazo" libane. Tafiti za ugonjwa huuhuu au za chochote? Kuna fomu zinazoomba ruhusa ya utafiti huu mmoja tu, kuna zinazoomba ruhusa pana kwamba kamati ya maadili ndio itaamua kwa niaba yako kila mtafiti mpya akija. Ruhusa pana si uovu, inaokoa kazi nyingi na mara nyingi ina faida, ila ujue umetoa ruhusa ya namna gani. Fomu nzuri inakuwa na visanduku vya ndio na hapana kwa kila jambo peke yake, damu ya leo ndio, kuhifadhi ndio, kupeleka nje hapana, hivyo. Ukiona hakuna visanduku uliza kama unaweza kukubali sehemu na kukataa sehemu.

Swali la laini ya seli liulize hivyohivyo kwa maneno yake, usizunguke: "Seli zangu mtazikuza ziendelee kuishi? Mtatengeneza laini ya seli?" Anayekusomea fomu akisema hajui, mwambie akaulize, ni haki yako kusubiri. Siku hizi kuna na njia nyingine, kuanzia 2007 Shinya Yamanaka wa Japani na wenzake walionyesha unaweza kuchukua seli za ngozi za mtu mzima ukazirudisha nyuma zikawa seli shina, na hizo shina unaweza kuzigeuza ziwe za moyo, za neva, karibu chochote. Kwa hiyo ukiulizwa kipande cha ngozi "kidogo tu" swali ni lilelile.

Kupelekwa nje. Tanzania, Kenya, Uganda zote sampuli haitakiwi kuvuka mpaka kienyeji, kunakuwa na mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi ya hapa na ya huko na kibali cha mamlaka. Ukiuliza mamlaka hiyo ni ipi, Tanzania Bara utasikia NIMR, Zanzibar ZAHRI, Kenya NACOSTI, Uganda UNCST. Wewe huhitaji kuusoma huo mkataba, unahitaji jibu la "zinaenda nchi gani, taasisi gani, kwa nini haziwezi kupimwa hapa, na zikibaki zinarudi au zinateketezwa?" Hilo la kwa nini haziwezi kupimwa hapa mimi nalipenda sana. Wakati mwingine jibu ni la kweli, mashine haipo. Wakati mwingine mashine ipo.

Pesa nayo usiionee haya. Fomu karibu zote zina sentensi inayosema hutalipwa chochote ikitokea bidhaa ya biashara imepatikana. Kuna kesi watu wa sheria wanaitaja kila mara, ya John Moore wa Marekani, aliondolewa bandama 1976 kwa sababu ya kansa ya damu, daktari wake akatengeneza laini ya seli na hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, ikatoka 1984. Mahakama ya Juu ya California ikasema 1990 kwamba seli zikishatoka mwilini si mali yake, ila ikasema pia daktari alipaswa kumwambia kwamba ana maslahi ya utafiti na ya kifedha. Kwa hiyo usitegemee mgao. Unachoweza kudai ni ukweli, nani anafadhili, kuna kampuni ndani yake au hamna, na dawa ikipatikana jamii iliyotoa sampuli itaipataje. Maoni yangu, hilo la mwisho ndio watafiti wanapaswa kubanwa kuliko yote, kwa sababu familia ya Lacks ilikuwa na watu wasio na bima ya afya wakati seli za mama yao zinauzwa.

Swali la vinasaba linahitaji muda zaidi kwa sababu hapo hujisainii peke yako. Wakisoma jenomu yako wamesoma na sehemu ya mwanao, dada yako, mama yako. Uliza data zitawekwa wazi kwa kila mtu au mtu ataomba ruhusa, jina lako litabadilishwa kuwa namba ya siri au vipi, nani anashika ufunguo unaounganisha namba na jina. Kenya ina sheria ya kulinda data ya 2019, Tanzania ya 2022, na zote zinahesabu taarifa za kijenetiki kama taarifa nyeti. Na uliza hili pia, mkikuta kitu kibaya kinachoweza kutibika mtaniambia? Kuna tafiti zinarudisha majibu kuna zisizorudisha, na mtu ana haki ya kujua kabla, maana nimeona watu wanakaa wanasubiri majibu ambayo hayakuwa yamepangwa kuja, wakiamini ukimya maana yake wazima. Si kweli. Ukimya hauna maana yoyote.

Kujitoa. Fomu itasema unaweza kujitoa muda wowote, na ni kweli, lakini soma mstari unaofuata. Kilichobaki kwenye friji kinaweza kuteketezwa. Data iliyokwisha kuchapishwa hairudi. Na laini ya seli iliyokwisha kusambazwa maabara za watu haikusanyiki tena, hakuna anayeweza. HeLa ilisambaa mpaka ikawa inaingia kwenye vyombo vya seli nyingine bila wenyewe kujua, mwaka 1966 mtafiti Stanley Gartler alisimama mbele ya wenzake akaonyesha kwamba laini 18 zilizodhaniwa ni za watu tofauti zote zilikuwa na alama ya HeLa. Ndio maana nasisitiza maswali yaje kabla.

Kama unasaini kwa niaba ya mtoto, uliza akifikisha miaka 18 atatafutwa aulizwe mwenyewe au basi. Na mtoto mkubwa wa kuelewa aelezwe na yeye, akisema hataki asikilizwe. Kama husomi, lazima awepo shahidi asiye mtu wa mradi, akae hapo mwanzo mpaka mwisho, si kuitwa tu mwishoni aweke jina wakati wewe unaweka dole gumba. Na mtu yeyote, msomi au si msomi, ana haki ya kuchukua fomu akaenda nayo nyumbani. Akishirikiana na mume, mke, shangazi, mtoto anayesoma kidato, vizuri zaidi. Nakala yenye sahihi inabaki kwako, ina namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili, piga picha na simu uhifadhi.

Mbona basi nisikatae tu?

Unaweza, na hakuna anayepaswa kukununia. Pwani na bara watu bado wanasema mumiani, wanyonya damu, na mimi siwezi kuwacheka hata kidogo kwa sababu woga huo una historia ya kuchukuliwa vitu bila kuulizwa. Lakini sikushauri ukatae kwa woga. Mwaka 1984 mtafiti wa Ujerumani Harald zur Hausen alikuta kirusi cha HPV 18 ndani ya seli za HeLa zenyewe, na kazi yake kuhusu HPV na saratani ya shingo ya kizazi ndio iliyofungua njia ya chanjo, hii wanayochomwa mabinti mashuleni, Tanzania tangu 2018 na Kenya tangu 2019. Kansa iliyomuua mama yule ndio wanakingwa nayo. Na ile damu iliyochukuliwa Kinshasa 1959 ikahifadhiwa ndio iliyokuja kuonyesha kwamba HIV ilikuwepo kwa watu miaka mingi kabla ya dunia kuujua ugonjwa. Kuhifadhi kunaweza kuwa na maana ambayo siku ya kuchukua hakuna aliyeiwaza. Sampuli zetu zisipokuwepo, dawa zitatengenezwa kwa kupimwa kwenye seli za watu wengine alafu sisi ndio tutakaogundua kama zinatufanyia kazi au hazitufanyii.

Kwa wale ambao swali lao ni la dini, kuna seli kama HEK 293 zilizoanzia kwenye kijusi huko Uholanzi miaka ya 1970, na chanjo ya korona ya AstraZeneca iliyokuja Kenya na Uganda ilizalishwa kwa seli hizo. Vatikani Desemba 2020 ilisema inakubalika kimaadili kuchanjwa pale ambapo chanjo isiyohusiana na seli za namna hiyo haipatikani. Ukitaka kujua kwa upande wa imani yako muulize padri, mchungaji au sheikh wako mapema, usiende kuanza kuwaza ukiwa umekaa kwenye kiti cha sindano.

Na kama ulishasaini zamani

Tafuta nakala yako. Usipoipata nenda palepale ulipotolea sampuli, taja jina la utafiti au hata mwaka na ugonjwa uliokuwa unachunguzwa, omba waangalie namba yako ya ushiriki. Uliza vitu vitatu tu, sampuli yangu bado ipo, iko wapi sasa, na imetumika kwenye nini. Ukitaka kilichobaki kiteketezwe andika barua fupi, tarehe, namba ya ushiriki, sentensi moja, "naondoa ridhaa yangu ya kuhifadhiwa kwa sampuli yangu na naomba nijulishwe ikishateketezwa". Peleka nakala moja kwa mtafiti na nyingine kwa kamati ya maadili, gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala utakayorudi nayo. Ukizungushwa, acha kumpigia mtafiti, piga ile namba ya kamati iliyoko chini ya ukurasa wa mwisho.